Jioni ya Mjini

    

Nianze na swali. Wewe msikilizaji uliyeko Dar es Salaam, mara yako ya mwisho kwenda mjini saa moja ya usiku ilikuwa lini? Sisemi kwenda kupanda gari la kurudi nyumbani. Sisemi kupita ukiwahi pantoni pale Kivukoni. Nasema kuoga, kuvaa, kujipulizia manukato, kisha kutoka Ilala au Magomeni au Temeke na kuelekea mjini, kwa sababu mjini usiku huo kuna raha. Lini?

Wengi mtakuwa mnafikiri sasa. Na vijana wengi nadhani jibu lenu ni kwamba haijatokea hata siku moja. Mjini mnakwenda asubuhi, kwa shida fulani: benki, hati, hospitali, mizigo bandarini. Shida ikiisha mnaondoka. Ikifika saa kumi na mbili maduka yanateremsha mageti ya chuma, na baada ya hapo Mtaa wa Samora unabaki na walinzi na taa za benki. Najua, pale Kisutu mishikaki bado inachomwa, na Upanga watu bado wanatembea jioni. Lakini mji kwa ujumla wake, ule uliokuwa ukituita jua linapozama, haupo tena. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo: jioni ya mjini. Ilikuwaje, nani aliishikilia, na ilitutoka vipi mikononi.

Tutembee kidogo, wasikilizaji. Tuanzie kwenye Sanamu la Askari, lile lililosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtaa huu ulio mbele yetu wazee waliujua kama Acacia Avenue, baadaye ukawa Independence Avenue, leo ni Samora. Mtaa huu ulikuwa na sinema ya Empress. Ukiingia Azikiwe unaikuta Empire. Ukienda Mtaa wa Zanaki iko Avalon. Ukifuata Samora hadi mwisho, unafika Mnara wa Saa, ule wa ukumbusho wa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Hapo ukiingia Mtaa wa Nkrumah unaikuta New Chox. Ilikuwapo Odeon, ilikuwapo Cameo. Na nje kidogo ya mji, Ilala, ilikuwapo Amana. Ondoa hiyo ya Ilala, zote nilizozitaja ulizizunguka kwa miguu. Ukikosa tiketi hapa, unakimbia pale.

Na kukosa tiketi ilikuwa jambo la kawaida! Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na sikukuu za Idd ndiyo usiseme. Dirisha la tiketi lilikuwa tundu tu ukutani, la kupitisha mkono mmoja, na humo mikono mitano inagombea kuingia, kila mmoja umekunja noti. Waliofika mapema walinunua. Waliochelewa waliangukia kwa walanguzi waliokuwa wakizunguka pembeni na tiketi mfukoni, wakinong'ona bei ambayo ilipanda kadiri saa ya kuanza ilivyokaribia. Palikuwa na viti vya chini mbele kabisa, bei nafuu, unatazama huku shingo imeelekea dari. Palikuwa na vya chini nyuma. Halafu palikuwa na balkoni, kwa familia na kwa kijana aliyekuja na mchumba wake na anataka ionekane kwamba amekuja na mchumba wake.

Lakini kabla ya kuingia ndani, kuna jambo moja nataka tulikumbuke vizuri, nalo ni safari ya kufika pale. Mji wa Dar es Salaam haukupangwa ili watu wakutane. Serikali ya kikoloni iliugawa: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kule Kariakoo. Na kati ya Uhindini na Uswahilini pakaachwa uwanja mtupu kwa makusudi, uwe mpaka. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Sasa tazameni sinema ilifanya nini. Ilimtoa mtu wa Gerezani, mtu wa Kariakoo, mtu wa Ilala, ikamvusha Mnazi Mmoja jioni kwa miguu yake, siyo kwenda kazini kwa mtu, siyo kupeleka mzigo, bali kwenda kukaa kitini kwa starehe yake na pesa yake. Mpaka uliowekwa ili kuwatenga watu, watu waliukata katikati kwa sababu ya Raj Kapoor, nyota wa picha za Kihindi. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa, na sitaki lipite hivi hivi.

Sisemi kwamba humo ndani kulikuwa na usawa. Wakati wa mkoloni bodi ya ukaguzi iliamua filamu ipi Mwafrika aruhusiwe kuiona na ipi asiione. Mtu mzima mwenye watoto na wajukuu alichaguliwa picha ya kutazama. Hata baada ya Uhuru, bei ya tiketi ilijua kutenga watu. Lakini taa zikizimwa, ukumbi mzima ulicheka mahali pamoja na kulia mahali pamoja.

Sasa ngojeni niwapandishe ngazi, maana kuna chumba ambacho watazamaji wengi hawakupata kukiona. Nyuma kabisa, juu ya vichwa vya watu wa balkoni, palikuwa na chumba kidogo chenye matundu ukutani. Humo alikaa opareta. Nilibahatika kuingia nikiwa kijana, kwa sababu jirani yetu alikuwa msaidizi wa opareta. Joto, ndugu zangu! Projekta mbili, kila moja kimo cha mtu, zimesimama sambamba. Taa zake siyo balbu tunazozijua. Ndani ya kila projekta palikuwa na vijiti viwili vya kaboni vilivyoelekezwa ncha kwa ncha, na umeme ukiruka kati ya ncha hizo unatoa mwanga mkali usiotazamika kwa macho matupu. Vijiti vile vilipungua kadiri vilivyoungua, kwa hiyo ilibidi visogezwe kila mara. Opareta akijisahau, picha inafifia, na chini miluzi inaanza.

Kwa nini projekta mbili? Kwa sababu filamu haikuja ikiwa nzima. Ilikuja katika mikebe, na mkanda wa kila mkebe ulikwenda dakika kama 20 hivi. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni mikanda tisa au zaidi. Basi mkanda unapokaribia kwisha, kwenye kona ya juu kulia ya pazia kinatokea kidoa cha mviringo, kufumba na kufumbua kimepotea. Hiyo ilikuwa ishara kwa opareta: washa mota ya projekta ya pili. Sekunde chache baadaye kinatokea kidoa cha pili: badilisha. Anaziba mwanga wa huku, anafungua wa kule, na wewe uliyeko chini unaendelea kumlilia Nargis, mwigizaji wa picha za Kihindi, bila kujua kuwa kuna mtu ametoka kufanya kazi yoyote. Jirani yetu alinionyesha kidoa kile mara moja tu, na tangu siku hiyo sikuweza tena kutokukiona. Mpaka leo nikitazama filamu za zamani macho yanakwenda yenyewe kwenye ile kona.

Kule Unguja walikuwa na ufundi mwingine juu ya huo. Nakala ya filamu ikiwa moja na kumbi ni mbili, usiku uleule zote mbili ziliionyesha. Ukumbi wa kwanza ulianza mapema. Mkanda ukimalizika, kijana anaupakia kwenye baiskeli na kuukimbiza ukumbi wa pili, anarudi kuchukua unaofuata. Fikirieni moyo wa kijana yule siku pancha ilipompata njiani na watu mia kadhaa wanamsubiri gizani!

Na tulitazama nini? Kila kitu. Za Wazungu wenye farasi na bastola, za Kichina za ngumi, na Bruce Lee alipokuja miaka ya sabini hakuna uchochoro wa Dar es Salaam uliokosa watoto wanaorusha mateke. Lakini mfalme ilikuwa picha ya Kihindi. Awara ya mwaka 1951, Mother India ya mwaka 1957, Sholay ya mwaka 1975, zilirudi na kurudi na watu walirudi nazo. Wengi wetu hatukujua Kihindi hata neno. Haikutuzuia. Tulimjua steringi, tulimjua adui, na tulijua kwamba steringi hafi. Tulijua mama mjane atateseka, ndugu waliopotezana utotoni watakutana, na mtu aliyekopa kwa mla riba atajuta. Haya ni mambo ya kwetu pia, jamani. Ndoa ya kuchaguliwa na wazazi, heshima ya mama, aibu ya deni. Nani angehitaji mkalimani? Nyimbo zake ziliingia mpaka kwenye taarabu, na nyumba nyingi za pwani ziliimba midundo ya Bombay kwa maneno ya Kiswahili.

Halafu kurudi. Onyesho la usiku likiisha, watu wanamwagika barabarani na kuanza kurudi Mnazi Mmoja kwa makundi, na ndiyo kwanza picha inaanza upya. Mmoja anasimulia, mwingine anamsahihisha, wa tatu anaigiza pigano katikati ya barabara. Kesho yake asiyekwenda alikuwa anaijua filamu yote, na wako wasimuliaji ambao picha yao ilikuwa tamu kuliko ile ya ukumbini.

Tugeukie maduka, maana nimesema jioni ya mjini, na sinema peke yake haikutosha kuifanya.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyoshikana. Kijana ameona suruali ya bugaluu kwenye picha ya jana. Asubuhi anakwenda mjini kwenye duka la vitambaa. Ndani, kwenye rafu, mitumba imepangwa mpaka dari. Nasema mitumba kwa maana yake ya zamani, yale majora ya kitambaa yaliyofungwa, siyo nguo kuukuu. Tetroni, krimplini, kitambaa cha Urafiki. Mwenye duka anafungua jora mezani kwa kulirusha, linajikunjua lenyewe, anapima kwa fimbo ya mbao yenye ncha za chuma, anakata kwa mkasi bila kutazama. Kijana anatoka nje hatua tatu. Pale barazani amekaa fundi na cherehani yake ya Singer, futi imemning'inia shingoni, chaki iko nyuma ya sikio. "Nishonee kama ya yule steringi." Na fundi anajua ni yupi, kwa sababu naye alikwenda kuitazama! Anauliza tu: chini iwe pana kiasi gani? Jumamosi suruali iko tayari. Jumapili mchana kijana ameivaa, na viatu vya raizoni, anaingia studio ya picha. Humo kuna pazia lililochorwa milima na ziwa, kuna ua la plastiki kwenye kistuli, kuna kioo, na kando ya kioo kuna kitana kimefungwa kwa uzi ili kisiondoke na mteja. Anachana afro yake, anapigwa picha. Kutoka hapo ni aiskrimu, au faluda, au chai na sambusa. Kutoka hapo ni sinema.

Mmeona? Mwenye kitambaa, fundi, mpiga picha, muuza aiskrimu, muuza karanga za kwenye koni za karatasi, dereva wa basi la mwisho: wote walikuwa wanakula kutokana na jioni moja ya kijana mmoja. Hata duka lililofungwa lilikuwa na kazi jioni ile. Vioo vyake viliachwa na taa, ndani yake saa, redio, viatu vya Bata, sare za shule, na familia zilipita taratibu kutazama tu. Kutazama vioo ilikuwa matembezi kamili ya watu wasio na pesa. Mtoto aliionyesha baiskeli kwa kidole, baba akasema tutaona mwisho wa mwezi.

Mbali na hayo palikuwa na duka la santuri ambapo uliweza kusimama mlangoni na kusikia wimbo mpya bure. Palikuwa na mkahawa wa Salamander pale Samora, meza zake na kahawa yake. Leo jina hilo linabebwa na jengo refu la vioo. Palikuwa na duka la vitabu la Tanzania Publishing House, na hilo, nashukuru kusema, vitabu bado vinauzwa ndani yake. Kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika kilichapishwa na nyumba hiyo miaka ya sabini, na wanafunzi wa Chuo Kikuu walikuwa wakishuka kutoka Mlimani kuja kukisaka Samora.

Sasa tuulize: ilikwenda wapi jioni hii? Nani aliiua?

Wako watakaokujibu haraka: televisheni. Au watasema Ujamaa, au watasema soko huria. Mimi nadhani hapana muuaji mmoja. Yalikuja mapigo, moja baada ya jingine, na mengine yalitoka kwa watu wenye nia njema.

Aprili mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Sababu yake ilikuwa ya haki: haikuelekea kwamba mji mzima wa nchi iliyojitawala uwe wa wenye nyumba wachache, na wengine wote wawe wapangaji. Siipingi sababu hiyo hata leo. Lakini baada ya hapo familia nyingi za Kihindi ziliondoka, kwenda Uingereza, kwenda Kanada. Waliondoka na ujuzi wa kuendesha kumbi zile, na wakaondoka nusu ya watu waliokuwa wanatembea barabarani Jumapili jioni. Na jengo lisilokuwa na mtu wa kulionea uchungu, paa lake likivuja, barua inaandikwa, inasubiri.

Pigo la pili likawa uhaba wa fedha za kigeni. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ndiyo iliyokuja kukabidhiwa kazi ya kuagiza filamu na kuzisambaza. Zikaja bei kubwa za mafuta, ikavunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ikaja vita ya Kagera. Nchi inayotafuta dola za dawa na mafuta ya taa haiwezi kutoa dola za kununulia picha mpya na vijiti vya kaboni. Tukawa tunatazama mikanda iliyochoka, yenye mistari kama mvua, inayokatika katikati ya wimbo. Na maduka je? Nanyi mnakumbuka. Mnakumbuka rafu tupu. Mnakumbuka foleni ya sukari, ya sabuni, ya khanga, hadi watu wakawa wanaweka mawe kwenye mstari yawashikie nafasi. Tukizungumzia uzuri wa mjini wa zamani tusiifiche miaka ile. Mama zetu walisimama juani na watoto mgongoni, na siku nyingine walirudi na vikapu vitupu.

Kisha milango ikafunguliwa. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Zikaingia deki za video, zikaingia nguo kuukuu zilizolichukua lile jina la mitumba. Suruali iliyokwisha kushonwa ikawa rahisi kuliko kitambaa chake. Fundi wa barazani akakunja futi yake. Na yule aliyekuwa akivuka Mnazi Mmoja akaletewa picha mtaani kwake, kwenye banda la video, mkeka chini, spika mbili, kiingilio kidogo. Mwaka 1994 vikaanza vituo vya televisheni vya binafsi Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa wametutangulia kwa miaka kama 20. Hapo jioni ikahamia sebuleni.

Halafu mji wenyewe ukahama. Biashara ikaelemea Kariakoo. Mlimani City ikafunguliwa mwaka 2006, na humo mna sinema nzuri, viti laini, sauti safi. Unaingia kutoka uwanja wa magari na unatoka kwenye uwanja wa magari. Ofisi za Serikali, zilizoamuliwa kuhamia Dodoma tangu mwaka 1973, zikaanza kwenda kweli mwaka 2016. Na katikati ya mji kiwanja kikawa na thamani kuliko chochote kilichojengwa juu yake. Nyumba za ghorofa mbili zenye baraza na roshani zikaanguka moja baada ya nyingine kupisha minara. Machi 29 mwaka 2013, Ijumaa Kuu, moja ya majengo hayo mapya, la ghorofa 16, lilianguka likiwa bado linajengwa pale Mtaa wa Indira Gandhi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mungu awarehemu. Ile haraka ya kujenga ilikuwa na gharama, na hao ndio walioilipa.

Mambo haya hayakuwa ya Dar es Salaam peke yake. Arusha walikuwa na Metropole yao. Tanga walikuwa na Majestic. Nairobi mpaka leo watu wanaelekezana kwa Globe Cinema na kwa Odeon, na anayeelekezwa hajawahi kuona picha humo. Unguja, Majestic ya pale Vuga, iliyojengwa upya baada ya moto, imebaki kuta. Na sisi Dar tulikuwa na ile Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako watu walikaa ndani ya magari na kutazama pazia kubwa chini ya nyota. Hapo leo pana ubalozi wa Marekani, uliojengwa baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 7, 1998. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ni mtu mzima sasa, anapita Barabara ya zamani ya Bagamoyo, na hakuna kitu cha kumwambia kwamba wazazi wake pengine walichumbiana pale.

Kuna watu wataniambia: mzee, mambo hubadilika, sasa kila mtu ana sinema mfukoni, unalilia nini? Nawajibu kwa upole. Sililii mashine. Simu yako inaonyesha picha nyingi kuliko Empire ilizoonyesha kwa miaka yote, na nafurahi kwa ajili yako. Ninachouliza ni hiki: simu hiyo imekuketisha karibu na nani? Nani usiyemjua amekupisha kwenye kiti, amekuazima kibiriti, amekuambia "usiogope, hafi huyu" mwovu alipoinua kisu? Mji wetu una mamilioni ya watu sasa, na mahali pa kukaa pamoja usiku, kwa bei ambayo fundi na karani na mwanafunzi wote wanaiweza, pamebaki pachache mno. Uwanja wa mpira, ndiyo. Baa, kwa wanaokunywa. Nyumba za ibada, alhamdulillahi na tumshukuru Mungu. Mama aliyetaka kutoka na dada yake na watoto, bila pombe na bila makelele, akacheka na akalia na akarudi nyumbani saa tatu, huyo tumempangia wapi?

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba hii ni habari ya wazee kukumbuka ujana wao. Wanaopanga jiji wako hai, wanakaa vikaoni wiki hii. Wanapanga barabara, wanapanga maegesho, wanapanga masoko. Ningependa kusikia mmoja wao anauliza: na saa moja ya usiku, katikati ya mji, mtu asiye na gari atafanya nini? Mabasi ya mwendokasi yanafika Kivukoni. Njia ya kurudi nyumbani ipo. Kinachokosekana ni cha kumfanya mtu aje.

Kabla muda haujatuishia, nina maombi kwenu. Mwanahistoria Laura Fair alitumia miaka mingi kuwahoji watazamaji na wenye sinema wa miji yetu, na kitabu chake, Reel Pleasures, kilitoka mwaka 2018. Amefanya kazi kubwa. Lakini kipo kwa Kiingereza, na sisi tunaoizungumza habari hii kwa Kiswahili bado hatujaiandika. Pale Old Boma, Sokoine Drive, kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam. Wapelekeni watoto wakaone ramani na picha za mji ulivyokuwa. Na nyumbani, fungueni masanduku. Ile picha ya studio yenye mlima wa kuchorwa, geuzeni nyuma mtazame kama pana mhuri wa studio na tarehe. Tiketi, kama kuna aliyeihifadhi. Risiti ya duka la kitambaa.

Zaidi ya yote nawatafuta watu. Kama baba yako alikuwa opareta, kama babu yako alichora mabango ya filamu kwa mkono, kama mama yako aliuza tiketi kwenye lile tundu, au kama ni wewe mwenyewe uliyekimbiza mikebe kwa baiskeli, tuandikie hapa kituoni. Tuambie ukumbi gani, mtaa gani, picha gani. Mafundi wa barazani pia, njooni: nataka kujua bugaluu ilichukua kitambaa kiasi gani, maana hapa studio wenzangu wawili wanabishana. Juma lijalo, saa hizihizi, tutaanza kuzisoma barua zenu, na tutaanza na Mtaa wa Nkrumah.